Kisu cha Kukunja cha Mtembezi wa Nairobi: Kukichagua, Kukinoa na Kukibeba

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mkazi wa Nairobi anayetoka mwishoni mwa wiki kwenda Karura, Oloolua, Milima ya Ngong au Longonot, na ambaye angependa kuwa na kisu kimoja cha kukunja cha mtindo wa zamani, kile chenye mpini wa mbao au wa pembe na bapa jembamba la chuma, badala ya vile vya kisasa vilivyopakwa rangi nyeusi na kutiwa meno ya msumeno kana kwamba mwenyewe anakwenda vitani. Kisu kidogo kilichonolewa vizuri kinatosha kwa kazi zote halali za mtembezi wa jiji hili, na kikubwa humwongezea mzigo na maswali ya askari bila kumwongezea faida. Kazi zenyewe zinajulikana: kumenya embe na chungwa, kupasua parachichi, kukata kamba ya hema au plasta ya kidonda, kufungua pakiti iliyokataa kufunguka, na, kwa wale wanaopenda kutulia baada ya kutembea, kuchonga kijiti hadi kiwe kigingi au kijiko.

Hatua ya kwanza: amua aina unayoitaka

Visu vya jadi vinavyopatikana kwa Mnairobi ni vya familia chache. Familia kongwe zaidi ni ile ya visu vya springi, ambavyo bapa lake halina kifungio chochote. Springi ndefu iliyolazwa mgongoni mwa mpini ndiyo inayolikandamiza shina la bapa, yaani sehemu yake inayoungana na mpini, ikalishikilia likiwa wazi na ikalivuta ndani linapofungwa. Sheffield ya Uingereza na Solingen ya Ujerumani ndiyo miji iliyojijengea jina kwa visu vya namna hii, na ndiyo maana majina yake huonekana yamepigwa muhuri kwenye shina la bapa la visu vingi vya zamani. Uzuri wa kisu cha springi ni wembamba wake na urahisi wa kukisafisha. Udhaifu wake ni kwamba ukikandamiza mgongo wa bapa, au ukijaribu kutoboa kitu kigumu kwa ncha, bapa linaweza kujikunja na kukuangukia vidoleni, kwa hiyo ni kisu cha mtu mwenye subira.

Familia ya pili ni Opinel ya Ufaransa, ambayo Joseph Opinel aliibuni huko Savoie mwaka 1890. Mpini wake ni kipande kimoja cha mbao kilichochongwa mviringo na kupasuliwa mfereji wa kulala bapa, na tangu mwaka 1955 saizi zake za kawaida zimekuwa na pete ya chuma shingoni ambayo ukiizungusha hulizuia bapa lisijifunge. Saizi hutajwa kwa namba, na Namba 8, yenye bapa la sentimita 8.5, ndiyo inayopendwa na wengi. Mbao hufura ikilowa, jambo ambalo mtu aliyenyeshewa Ngong mwezi wa Aprili atalitambua pale bapa litakapokataa kutoka. Dawa yake ni kuzungusha pete mahali pa kufungulia, kugonga kitako cha mpini kwenye jiwe au ukingo wa meza, na bapa litachomoza kiasi cha kushikwa.

Kisha kuna visu vya Uswisi vya Victorinox. Karl Elsener alifungua karakana yake mwaka 1884, akaanza kuwapelekea wanajeshi wa Uswisi visu mwaka 1891, na tarehe 12 Juni 1897 akasajili kile chenye mabapa mawili na kizibuo ambacho vizazi vyake ndivyo hivi vyekundu tunavyovijua. Mwisho ni Okapi, ambacho kwa watu wa Afrika Mashariki kina historia ya karibu zaidi, kwa kuwa kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya kuuzwa katika makoloni yake ya Afrika, na siku hizi hutengenezwa Afrika Kusini. Ni kisu cha bei nafuu, chenye mpini wa mbao uliopambwa kwa vipande vya bati, na kinapofunguliwa hulia kwa mfululizo wa vishindo vya meno ya kifungio chake. Ninakipenda kwa unyoofu wake, ila simshauri mtu kutembea nacho mjini, kwa maana sauti ile na ncha ile ndefu havimfanyi askari akufikirie mema.

Baada ya familia, chagua chuma. Chuma cha kaboni hunoleka upesi, hushika makali yanayokata kwa ulaini wa kupendeza, na hupata kutu usiku mmoja ukikiacha kikiwa na maji ya ndimu. Chuma kisichoshika kutu husamehe uzembe huo, lakini hakina ule uhai ambao wapenzi wa visu vya jadi huutafuta. Mtu anayejijua kuwa hufungua mkoba wake wa safari siku ya Jumatano na kukuta maganda ya Jumapili anunue kisu cha Uswisi na asione haya. Mwenye tabia ya kufuta vyombo mara tu baada ya kuvitumia achukue Opinel ya kaboni, Namba 7 au 8, au kisu cha springi chenye bapa la kati ya sentimita 6 na 8. Zaidi ya hapo hakuna kazi ya msituni inayokihitaji kisu cha mfukoni. Inayobaki ni kazi ya panga, na panga haliendi matembezini Karura.

Hatua ya pili: kagua kisu kikuukuu kabla ya kutoa pesa

Kisu kipya hakina mengi ya kukaguliwa. Utamu na hatari viko kwenye visu vikuukuu, ambavyo hufika Nairobi ndani ya mabunda ya vitu vya mitumba na kuishia kwenye turubai za Gikomba au Toi, vikiwa vimelala kati ya vijiko, funguo zisizo na kufuli na vikombe vya shaba. Nenda mchana kweupe, uwe na kitambaa mfukoni, na usionyeshe furaha. Muuzaji atakwambia, "Kastoma, hiyo ni orijino ya Ujerumani," naye huenda anasema kweli, lakini muhuri wa Solingen hautakusaidia ikiwa springi imekufa.

Fungua bapa polepole kwa ukucha, ukisikiliza. Springi iliyo hai hulivuta bapa kwa nguvu katika sehemu ya mwisho ya safari yake na kulisimamisha wazi kwa mlio mmoja mkavu. Springi iliyochoka huliacha bapa likining'inia katikati kama mlango wa choo cha stendi. Bapa likiwa wazi, lishike kwa vidole viwili na ulitikise kushoto na kulia. Mchezo mdogo sana unavumilika katika kisu cha miaka mingi, lakini ukiona mwanga kati ya bapa na kuta za mpini unapolisukuma, pini ambayo bapa huizungukia imelika na fundi wa kuirekebisha vizuri si rahisi kumpata. Kisha lifunge, ukitazama kama ncha inazama kabisa ndani ya mpini, kwa sababu ncha inayochungulia nje itakutoboa mfuko na paja.

Sasa tazama bapa lenyewe kwa ubavu. Kisu kilichonolewa miaka mingi kwa jiwe la mkono hupungua kwa usawa kuanzia shina hadi ncha, na upungufu huo si aibu. Kilichopelekwa kwenye gurudumu la umeme huwa na tumbo lililobonyea karibu na shina, na mara nyingi kina mikwaruzo mipana inayokata bapa upande hadi upande. Jambo baya kuliko yote ni rangi ya buluu au ya zambarau karibu na makali. Rangi hiyo ni alama ya joto: chuma cha kaboni cha kisu, kikishafanywa kigumu, hupashwa tena kiwandani hadi takriban nyuzi 200 za selisiasi ili kipate ugumu unaofaa, na chuma kinapofikia rangi ya buluu kimekwisha kupita nyuzi 280, maana yake ugumu wa sehemu hiyo umepotea na makali hayatakaa hata ukinoa kutwa. Mwachie muuzaji.

Kutu ya juujuu, ile ya rangi ya chungwa inayoacha vumbi kidoleni, isikutishe, na tena ni sababu nzuri ya kuomba upunguziwe. Kutu iliyochimba mashimo ni jambo jingine, hasa ikiwa imechimba kwenye makali au pale bapa linapokutana na pini. Mulika tochi ya simu ndani ya mfereji wa mpini uone springi: ufa mwembamba ukikatiza springi ni kifo chake. Nyufa za mpini wa mbao zinaweza kuzibwa kwa gundi, na za pembe vilevile, ilimradi mpini haujaachana na chuma kilicho chini yake.

Hatua ya tatu: kisafishe

Kisu cha mitumba kimebeba uchafu wa mifuko ya watu usiowajua. Kisugue kwa mswaki wa zamani, maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, ukikifungua na kukifunga huku povu likiingia kwenye kiungo, na uchafu uliosakama ndani ya mfereji uuchokonoe kwa kijiti cha meno. Usikiloweke kwenye beseni, kwa maana mbao na pembe hunywa maji na kupasuka zinapokauka. Kikung'ute, kikaushe kwa kitambaa, kisha kiache wazi mahali penye hewa kwa saa kadhaa, mbali na jua kali na mbali na jiko.

Kutu ya juujuu huondolewa kwa tone la mafuta na waya laini wa kusugulia sufuria, ukisugua kufuata urefu wa bapa na kwa mkono mwepesi. Madoa meusi na ya kijivu yaliyobaki yaache. Huo si uchafu bali ni utando ambao chuma cha kaboni hujivika kinapokutana na asidi za vyakula, nao hupunguza kasi ya kutu kurudi. Wapo wanaokimbilia kung'arisha bapa hadi liwe kioo, na kila mtu ana macho yake, lakini kisu cha kaboni kinachomenya maembe ya msimu mmoja hupata rangi ya wingu la mvua ambayo hakuna kiwanda kinachoweza kuiuza.

Mafuta yanahitaji uangalifu. Mafuta ya kupikia hayafai, kwa sababu baada ya wiki chache huganda na kunata kwenye kiungo, yakavuta vumbi na kunuka. Mafuta ya cherehani hulainisha kiungo vizuri, ila bapa linalogusa chakula lisipakwe hayo. Kinachofaa kwa bapa ni yale mafuta meupe yasiyo na harufu yanayouzwa katika maduka ya dawa kama dawa ya kulainisha choo, yaitwayo likwidi parafini. Ukienda kuyanunua yataje kwa jina hilo zima na uyanunue duka la dawa, kwa sababu parafini tupu nchini Kenya ni mafuta ya taa, na mafuta ya taa kwenye kisu cha kukatia matunda ni sumu. Tone moja kwenye kiungo na jingine lililosambazwa kwa kidole juu ya bapa vinatosha.

Hatua ya nne: kinoe mwenyewe

Mwenye kisu kikali ndiye mla nyama, wasema wahenga, na hatua hii ndiyo inayostahili muda wako mwingi. Mafundi wanaopita mitaani na baiskeli zilizofungwa gurudumu la kunolea wana nafasi yao, nami huwapa visu vya jikoni na mapanga bila wasiwasi, lakini bapa jembamba la kisu cha mfukoni huchemka kwa kufumba na kufumbua likiguswa na gurudumu kavu, na gurudumu hilo hula kwa dakika moja chuma ambacho jiwe la mkono lingekila kwa miaka.

Andaa jiwe lenye pande mbili, upande mmoja namba 400 na mwingine namba 1000. Namba ikiwa kubwa, chembe ni ndogo na jiwe ni laini zaidi. Aliyekosa jiwe anunue msasa wa maji wa namba 400, 800 na 1500 kwenye duka la vifaa vya ujenzi, aulaze juu ya kipande cha kioo kinene au kigae cha sakafuni kilichonyooka, na aulowanishe ushikamane. Matokeo ni mazuri kiasi kwamba sijaona sababu ya anayeanza kununua mawe ya gharama. Ongeza mkanda mkuukuu wa ngozi halisi na kalamu ya wino mzito ya kuandikia maboksi.

Weka jiwe juu ya kitambaa kilicholowa ili lisiteleze, na lilowanishe. Fungua kisu, kama ni Opinel zungusha pete ifunge, kisha paka wino huo kwenye mteremko mwembamba wa makali pande zote mbili. Laza bapa juu ya jiwe, halafu inua mgongo wake hadi pembe kati ya bapa na jiwe iwe kati ya nyuzi 15 na 20. Pembe hiyo haikisiwi kwa macho tu: bapa lenye upana wa sentimita 2 linapata nyuzi 15 mgongo wake ukiinuliwa milimita 5, na nyuzi 20 ukiinuliwa karibu milimita 7, kwa hiyo rundika sarafu chache hadi kimo hicho, egemeza mgongo wa bapa juu yake uone pembe inavyokaa, kisha ziondoe na mkono uikumbuke.

Sukuma bapa mbele kana kwamba unakata utando mwembamba juu ya jiwe, ukianzia shina na kumalizia ncha, na unapokaribia ncha inua kiwiko kidogo ili mviringo wake usiachwe nyuma. Baada ya misukumo miwili au mitatu, geuza na utazame wino. Ukiwa umefutika sehemu ya juu ya mteremko tu huku makali yenyewe yakibaki na rangi, umelala mno, basi inua mgongo. Ukiwa umefutika kwenye ukingo wa makali peke yake, umesimama mno. Ukifutika mteremko wote, hiyo ndiyo pembe ya kisu chako, nayo huenda isiwe ile iliyoandikwa hapa, kwa kuwa kila kisu hubeba pembe aliyokipa mnoaji wake wa mwisho. Wino huu ni mwalimu ambaye wengi humdharau, na ndiyo maana visu vyao vinang'aa lakini havikati.

Endelea upande huohuo, kwa mkandamizo wa wastani, hadi utakapohisi uzi mwembamba wa chuma umejikunja upande wa pili. Uuhisi kwa kupitisha kidole gumba kutoka mgongoni kuelekea nje ya makali, na kamwe si kwa kukitelezesha kufuata urefu wa makali. Uzi huo ukipatikana kuanzia shina hadi ncha bila kukatika, ni ushahidi kwamba jiwe limefika kwenye makali yenyewe. Usipopatikana, bado, hata kama mkono umechoka. Kisu butu kabisa kinaweza kudai misukumo mingi kabla uzi haujatokea, na hapa ndipo wengi hukata tamaa na kuhamia jiwe laini mapema, wakapata kisu kilichosuguliwa tu.

Geuza kisu na ufanye vivyo hivyo upande wa pili hadi uzi uhamie upande wa kwanza. Kisha hamia upande wa namba 1000 na urudie, safari hii ukipunguza nguvu hatua kwa hatua, hadi misukumo ya mwisho iwe ya uzito wa kisu peke yake, ukibadilisha upande kila msukumo. Malizia kwenye mkanda wa ngozi uliovutwa ukanyooka: hapa bapa huvutwa kwa kurudi nyuma, mgongo ukitangulia na makali yakifuata, kwa maana ukisukuma makali mbele utakata mkanda. Mivuto kumi hadi ishirini kila upande huondoa mabaki ya uzi.

Lijaribu bapa kwenye ukurasa wa gazeti ulioshikwa hewani. Makali mazuri hupita bila kukwama wala kuchana, na yakikwama mahali pamoja, pale bado pana uzi au pengo. Nyanya iliyoiva ni jaribio bora zaidi: iguse kwa bapa bila kukandamiza, uvute, na ngozi yake ifunguke yenyewe. Kujaribu kwa kunyoa nywele za mkono ni mbwembwe, tena ya kujikata. Kisu kinachotumika mwishoni mwa wiki tu kitahitaji ngozi mara kwa mara na jiwe kwa nadra.

Hatua ya tano: fahamu sheria na milango ya jiji

Kenya haina mwiko wa jumla dhidi ya kisu kidogo cha kukunja, lakini mazingira ndiyo yanayoamua. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, humtia hatiani anayekutwa na silaha ya hatari katika mazingira yanayoonyesha kuwa amekusudia kutenda kosa kubwa, na Sheria ya Utulivu wa Umma, Sura ya 56, hukataza silaha kwenye mikutano na maandamano ya hadhara. Kisu kilicho ndani ya mkoba wa safari, kimefungwa, pamoja na matunda, chupa ya maji na koti la mvua, hujieleza chenyewe. Kisu hichohicho mfukoni mwa suruali, saa nne za usiku, katikati ya jiji, hakijielezi, na wewe ndiwe utakayeachiwa kukieleza.

Kwa hiyo kiweke mkobani siku ya safari na kitoe siku ya kazi. Nairobi ni jiji la kupekuliwa: maduka makubwa, benki, mahakama na majengo ya serikali yana walinzi wenye vitambuzi vya chuma, na mwenye kupanga kupitia sokoni Westlands baada ya matembezi ya Karura akumbuke kwamba mkoba wake utafunguliwa. Ukiulizwa, jibu kwa ufupi na kwa heshima, "Ni kisu cha matunda, natoka matembezini," ukikiacha mkobani hadi utakapoombwa kukitoa. Abiria wa treni ya SGR hukaguliwa mizigo kabla ya kuingia stesheni, na kisu huzuiwa, hivyo safari ya Mombasa au Naivasha kwa treni ni safari ya kukiacha nyumbani. Kwa ndege, kisu hukaa ndani ya mzigo unaopelekwa tumboni mwa ndege na si kwenye mkoba wa mkononi.

Hatua ya sita: kitumie msituni kwa adabu

Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016 hukataza kukata au kuondoa mazao ya msitu wa serikali bila kibali, na Karura, Oloolua na Ngong ni misitu inayolindwa. Usichonge jina lako kwenye gome, usikate tawi bichi, na usidhani kijiti kilichoanguka ni mali ya aliyekiokota. Anayependa kuchonga abebe mbao zake kutoka nyumbani. Maseremala wanaopanga samani kando ya Barabara ya Ngong huwa na vipande vya saiprasi wasivyovihitaji, na karakana za wachongaji wa Gikomba hazikosi mabaki ya jakaranda, mbao nyepesi na tiifu ambayo wachongaji wa Kikamba wameitumia kwa muda mrefu. Muhugu, ambao walichongea wanyama na vinyago kwa miaka mingi, ni mgumu mno kwa kisu kidogo cha anayeanza, tena ni mti wa misitu hii ya kwetu uliopungua kwa kukatwa kupita kiasi.

Kabla ya kufungua kisu, keti. Nyoosha mkono wenye kisu kilichofungwa, uzungushe mbele, pembeni na nyuma kadiri utakavyofika. Mtu yeyote aliye ndani ya duara hilo, hasa mtoto anayetaka kuona, asogee kwanza. Skauti hufundishwa jambo hili siku ya kwanza, na watu wazima hulisahau siku ya pili. Egemeza viwiko juu ya magoti ili kisu kifanye kazi mbele ya magoti na si kati ya mapaja, ambako mshipa mkubwa wa damu hupita.

Anza na kigingi cha hema, ambacho hakidai ustadi lakini hufundisha mikato yote. Chukua kijiti chenye unene wa kidole gumba na urefu wa shubiri moja. Kwa kuchonga ncha, shika kisu kwa ngumi nzima, weka bapa kwa mlazo mdogo juu ya mti, ufunge kifundo cha mkono, na usukume kutoka kwenye bega ukielekea mbali na mwili, ukitoa maganda membamba marefu. Ganda nene ni dalili ya pembe kubwa mno na nguvu isiyo ya lazima. Karibu na mwisho, unapotaka mkato mfupi wa kudhibitiwa, kidole gumba cha mkono ulioshika mti ndicho kinachosukuma mgongo wa bapa, na mkono wenye kisu unaelekeza tu. Kwa kuchonga pengo la kunasia kamba, kata wima robo ya unene wa mti ukiubembeza mti chini ya bapa, kisha kata kwa mlazo kuelekea kwenye mkato ule wa kwanza hadi kibanzi kiruke. Rudia mara mbili, na kamba itanasa. Kisu cha springi kisigongwe kwa gogo, kisibinuliwe kama mtaimbo, na kisichimbue.

Unapompa mwenzako kisu, kifunge kwanza. Kama hakifungiki, geuza mpini umwelekee yeye, makali yakitazama juu mbali na kiganja chako, na usiachie hadi aseme amekishika.

Ukijikata, funga kisu, bonyeza jeraha kwa kitambaa safi bila kuchungulia kwa dakika kumi, na inua mkono juu ya usawa wa moyo. Damu inayoruka kwa mapigo, kidole kilichokufa ganzi au kisichokunjika, na jeraha linaloonyesha mafuta ya ndani ni mambo ya hospitali mara moja. Nambari ya dharura ni 999, na ya Msalaba Mwekundu wa Kenya ni 1199. Uliza pia kuhusu chanjo ya pepopunda kama hukumbuki uliipata lini.

Hatua ya saba: kitunze baada ya safari

Maji ya embe, nanasi na ndimu ndiyo maadui wakubwa wa chuma cha kaboni, kwa hiyo kifute kisu palepale msituni kwa kitambaa chenye maji, kisha kwa kikavu, kabla hujakifunga. Nyumbani, kioshe, kikaushe na ukipake tone la mafuta. Mpini wa mbao ulioanza kupauka upake mafuta ya kitani mara moja au mbili kwa mwaka, ukifuta yasiyonyonywa, na kitambaa ulichofutia ukitandaze nje kikauke, kwa sababu kikikunjwa na kutupwa kwenye kona kinaweza kushika moto chenyewe.

Usikihifadhi ndani ya ala ya ngozi. Ngozi hushika unyevu, na kemikali za kuitengenezea huchochea kutu, hivyo ala ni ya safarini na droo ndiyo ya nyumbani. Wakati wa mvua za Machi hadi Mei, na katika baridi ya Julai ambapo nguo hukaa siku mbili kambani, kitoe drooni kila baada ya wiki chache, kifungue, ukikague pale bapa linapoingia kwenye kiungo, ambako kutu huanzia bila kuonekana, na utie tone jingine la mafuta.